Mfupa umeunga, mguu bado unauma: namna ya kuutunza wayo uliovunjika ukiwa Goma

Radio (picha ya mifupa, eksirei) imepigwa, daktari amesema mfupa umeunga, plasta imekatwa, magongo yamerudishwa kwa aliyeyaazima. Wiki ya pili unashuka kwa miguu kutoka Majengo kwenda Birere, na kabla ya nusu ya njia mguu ule ule unaanza kuuma, jioni umevimba, asubuhi ni mgumu kama ubao. Wengi hapo hufikiri mambo mawili: ama daktari alikosea, ama mguu umeharibika kabisa. Mara nyingi si hili wala lile.

Kuunga kwa mfupa ni jambo moja, kupona kwa mguu ni jingine. Wayo una mifupa 26, na katikati yake viungo zaidi ya 30 vinavyofungwa kwa ligamenti na kuvutwa na kano. Plasta ya wiki 6 au 8 huupa mfupa nafasi ya kushikana, lakini wakati huo huo viungo vyote vilivyofungiwa ndani hukauka, shavu la mguu hunyauka, ngozi na mishipa ya fahamu huzoea kutoguswa. Ukiuweka mguu huo juu ya mawe ya volkano siku ya kwanza, kinacholalamika kwa kawaida si mfupa tena.

Muda nao uuhesabu kwa haki. Mifupa mirefu ya mbele, ile inayobeba vidole, ikivunjika bila kusogea huacha maumivu madogo na uvimbe wa jioni kwa miezi 3 hadi 6. Mfupa wa kisigino ni habari nyingine: hali huendelea kuwa nafuu hata baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Kwa hiyo anayeumwa kisigino mwezi wa tano asijilinganishe na jirani aliyevunjika kidole.

Kwanza tafuta maumivu yanakaa wapi

Kaa kwenye kiti, weka mguu juu ya goti la pili, halafu onyesha panapouma kwa kidole kimoja tu. Kisha jiulize: panauma saa ngapi, na nikifanya nini? Majibu hayo mawili yanasaidia kuliko kumwambia daktari "mguu wote".

Panauma chini ya kisigino, hasa hatua za kwanza asubuhi, halafu panalegea ukitembea kidogo: huo ni utando wa wayo uliokaza, pamoja na shavu la mguu lililofupika ndani ya plasta. Unatibika vizuri kwa kunyoosha.

Panauma upande wa nje chini ya kifundo, na zaidi ukikanyaga mahali penye mteremko au mawe: kiungo kilicho chini ya kifundo kimekaza. Ndicho kinachouruhusu wayo ulale kulia au kushoto kufuata ardhi. Aliyevunjika kisigino hupoteza sehemu ya mwendo huo, na wengine hawaurudishi wote. Kwenye lami anatembea kama kawaida. Kwenye lava anateseka. Si uvivu, ni kiungo.

Panauma juu ya wayo, katikati, unaposukuma ardhi kwa vidole au unapopanda ngazi: hapo uwe mwangalifu. Viungo vya katikati ya wayo vikiumia pamoja na ligamenti zake, jeraha hilo hufichika kwa urahisi kwenye radio iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala. Kama siku ya ajali ulikuwa na alama ya damu iliyovilia chini ya wayo, na leo huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, usijitibu nyumbani. Omba radio ukiwa umesimama juu ya miguu yote miwili.

Panauma sehemu moja ndogo juu ya mfupa wenyewe, ukibonyeza unaruka, na miezi 3 imeshapita: huenda mfupa haujaunga sawasawa. Mfupa wa nje unaobeba kidole kidogo, karibu na chanzo chake, una sifa hiyo mbaya kwa sababu damu inayoufikia ni kidogo. Uvutaji wa sigara huzidisha ucheleweshaji.

Kunachoma, kunatekenya au kuna ganzi kati ya vidole au juu ya kovu: ni mshipa wa fahamu. Panauma pale kiatu kinapogusa kichwa cha skrubu au ukingo wa chuma ulichowekewa wakati wa upasuaji: ni chuma, na mara nyingi dawa yake ya kwanza ni kubadili namna ya kufunga kamba.

Kipimo cha kesho asubuhi

Watu huuliza: nitembee na maumivu au nisitembee? Mguu usiotumika kabisa unazidi kukaza, na mguu unaolazimishwa unavimba. Tumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu na 10 ni makali kuliko yote. Wakati wa mazoezi au matembezi, 3 inakubalika, hata 4 kwa muda mfupi. Ila hukumu hutolewa kesho yake asubuhi. Ukiamka na maumivu yamerudi pale yalipokuwa jana kabla hujaanza, kiasi kilikuwa sawa. Ukiamka yamezidi, au uvimbe haukushuka usiku, jana ulizidisha: punguza kwa nusu, usiache.

Kosa la kawaida ni lile la siku nzuri. Mtu anaamka hana maumivu, anazunguka soko la Virunga asubuhi nzima, halafu anakaa kitandani siku 3. Wiki inayofuata anarudia. Mguu haujengeki hivyo. Anza na dakika ambazo una hakika nazo, hata kama ni 10, mara 2 kwa siku, kwenye lami au sakafu tambarare, na uongeze dakika 5 kwa wiki kama kipimo cha asubuhi kinaruhusu.

Na utazame namna unavyotembea. Anayeogopa maumivu hugeuza wayo nje na kuuburuta, ili asisukume kwa kidole gumba. Baada ya wiki chache goti na kiuno vinaanza kuuma, na yeye anadhani ugonjwa umepanda. Fupisha hatua badala ya kugeuza wayo: kisigino kitangulie, uzito upite katikati, umalizikie kwenye kidole gumba, vidole vikitazama mbele. Kama huwezi hivyo bila kuchechemea, gongo au fimbo bado ni yako. Ishike mkono wa upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Mpini uwe usawa wa mkunjo wa kiganja mkono ukining'inia. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mgonjwa pamoja na fimbo.

Mazoezi, kwa mpangilio

Kunyoosha hufanywa kila siku. Mazoezi ya nguvu hufanywa siku moja, siku inayofuata unapumzika.

Kabla hujatoa mguu kitandani, chora hewani kwa kidole gumba herufi zote kuanzia A hadi Z, mara 2. Kiungo kilicholala usiku kinahitaji kupashwa kabla ya kubeba mwili. Ukiweza, ingiza mguu katika beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 na uchore humo humo. Pima joto kwa kiwiko: mguu uliotoka kwenye plasta, au wa mtu mwenye kisukari, unaweza kuungua bila kusikia.

Kisha kitenge. Kaa chini, mguu umenyooka, zungusha kitenge kilichokunjwa chini ya wayo pale vidole vinapoanzia, ukivute kwako mpaka usikie shavu la mguu likivutika. Shika sekunde 30, mara 3. Rudia goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu shavu la mguu lina misuli miwili na ule wa ndani haunyooki goti likiwa limenyooka. Ukisikia kubanwa mbele ya kifundo badala ya kuvutika nyuma, hicho ni kiungo kinachogoma. Usikilazimishe, mwonyeshe mtaalamu wa kine, yule wa mazoezi ya tiba.

Kidole gumba wengi hukisahau, na ndicho kinachomaliza kila hatua. Kishike kwa mkono, kipandishe juu taratibu, sekunde 10, mara 10. Kikikataa kupanda, mwili utapita pembeni ya wayo, na maumivu yatahamia upande wa nje.

Misuli midogo ya wayo ifundishe hivi: ukiwa umekaa, wayo chini, vuta sehemu ya mbele ya wayo kuelekea kisigino, upinde wa wayo unyanyuke, lakini vidole visikunjike. Sekunde 5, mara 10. Siku za kwanza hutaona kitu kikitembea. Endelea.

Nguvu ya shavu la mguu ndiyo inayochukua muda mrefu. Anza ukiwa umekaa, bidoni ya lita 5 yenye maji juu ya goti, unyanyue kisigino mara 15, seti 3. Wiki 2 zikipita vizuri, simama, mikono ukutani, unyanyuke kwa miguu yote miwili mara 12, seti 3, sekunde 3 kupanda na sekunde 3 kushuka. Hatua inayofuata: panda kwa miguu miwili, shuka kwa ule uliovunjika peke yake. Mwisho ni mguu mmoja kwa kila kitu. Hesabu mguu mzima unaweza mara ngapi. Hiyo ndiyo shabaha ya ule mwingine. Wanaoruka kutoka kukaa mpaka mguu mmoja ndani ya wiki moja hurudi na kano ya kisigino iliyovimba, juu ya maumivu ya kwanza.

Usawa: simama kwa mguu uliopona karibu na ukuta, sekunde 30, mara 3. Ikiwa rahisi, fumba macho. Ikiwa rahisi tena, simama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Kwa mtu wa Goma zoezi hili si pambo. Lava iliyopita mjini Januari 2002 bado iko chini ya miguu katika mitaa mingi, na ile ya Mei 2021 iliongeza upande wa kaskazini. Jiwe moja likigeuka chini yako, kinachokuokoa ni kasi ya misuli ya kifundo, na kasi hiyo hupotea ndani ya plasta.

Kutembea ndani ya maji ya kiunoni hupunguza uzito unaoushukia mguu kwa takriban nusu, na ziwa tunalo. Chagua mahali watu wanapoogelea siku zote, chini pawe pamejulikana, vaa viatu vya mpira, usiende peke yako, na uepuke mashimo na vibonde vya ufukweni ambavyo wenyeji wanavijua kwa mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Hewa hiyo haionekani.

Kiatu ni nusu ya dawa

Kandambili na mguu uliovunjika havipatani. Vidole hulazimika kushika kamba kila hatua, soli inajikunja kila mahali, na jiwe linasikika moja kwa moja kwenye mfupa. Mabuti ya mpira ya msimu wa tope nayo yana ila yake: kisigino kinacheza ndani. Ukilazimika kuyavaa, ongeza soksi nene na soli ya ndani.

Viatu vya mitumba si vibaya, mradi uvijaribu kabla ya kulipa. Kishike kiatu mbele na nyuma ukikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia tu, si katikati. Kisokote kama unayekamua nguo: kigome. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa kidole gumba: kisiporomoke. Tazama soli chini. Kama mwenye nacho wa kwanza alikila upande mmoja, kiache, maana kitaupeleka mguu wako alikokuwa akielekea yeye. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba, na kiwe na kamba.

Kiungo cha kidole gumba au cha katikati ya wayo kikiuma unaposukuma, dawa ni kukizuia kukunjika. Mpelekee kordonye (fundi viatu) kiatu chenye soli ngumu, aongeze mpira wa kama sentimita 1 chini, kilele chake kiwe nyuma kidogo ya pale vidole vinapoanzia, halafu ukatwe ukipanda kuelekea ncha, ili wayo ubingirike badala ya kukunjika. Viatu vyote viwili vipewe kimo kile kile, la sivyo kiuno kitadai chake.

Maumivu yakiwa chini ya vichwa vya mifupa ya mbele, kata kipande cha sponji ngumu au ngozi chenye unene wa milimita 5 au 6, kikubwa kama ganda la yai lililokatwa nusu, ukigundishe juu ya soli ya ndani. Kinawekwa nyuma ya panapouma, kuelekea kisigino. Karibu kila anayejaribu mara ya kwanza hukiweka chini ya panapouma kabisa, halafu anasema kimezidisha. Bila shaka.

Bidoni, ngazi na pikipiki

Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 upande mmoja wa mwili. Tumia mbili za lita 5, moja kila mkono, hata kama safari zitaongezeka. Motari aliyevunjika mguu wa kushoto ajue kwamba gia hupandishwa kwa mgongo wa wayo huo, hapo hapo mifupa ya mbele ilipo. Kiatu chenye kifuniko kigumu juu ya vidole kinasaidia. Aliyevunjika wa kulia ajipime kabla ya kurudi barabarani: akikanyaga breki ya nyuma kwa ghafla na kwa nguvu zote, mguu unasita? Ukisita, bado. Abiria aweke katikati ya wayo juu ya kikanyagio, si vidole, na ashuke kwa mguu mzima. Msukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, asiutumie mguu uliopona kusukumia mpaka aweze kunyanyuka kwa vidole vyake peke yake mara 15.

Uvimbe na dawa

Uvimbe wa jioni unaoshuka usiku hautishi. Lala chali, weka mguu juu ya mito mpaka uwe juu ya moyo, dakika 20, na upandishe na kushusha kifundo mara 30. Kuuweka juu ya kiti cha jirani ukiwa umekaa hakutoshi. Bandeji ya kunyumbulika hufungwa kuanzia vidoleni kupanda, ikaze kidogo chini na kulegea juu, ivuliwe usiku. Vidole vikigeuka rangi au kupata ganzi, ifungue mara moja. Kifuko cha maji yaliyoganda, kikizungushiwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, kinatuliza baada ya matembezi.

Parasetamoli ndiyo ya kwanza: mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma pakiti ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Mwenye ini bovu au anayekunywa sana pombe aulize kwanza. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, mara 3 kwa siku, kwa siku zisizozidi 5, haimfai mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha isiyotulia, wala mjamzito. Usiichanganye na diklofenaki. Ni ndugu wawili. Diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi kwa tumbo.

Vile vidonge vidogo vinavyouzwa kwa kuhesabiwa na kusifiwa kwamba "vinaondoa yote", mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni. Hutuliza kweli, na vikitumika kwa muda mrefu hula mifupa ile ile uliyoingoja iunge. Tramadoli nayo si ya kununua bila karatasi ya daktari: kuizoea ni rahisi, kuiacha ni kazi.

Chakula hakiondoi maumivu, ila mfupa huendelea kujijenga miezi mingi baada ya plasta: sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zinazoliwa na mifupa yake, maharage, sombe, maziwa au jibini ya Masisi.

Mguu unaowaka

Kuna hali moja ya kuiwahi. Maumivu yanachoma, makubwa kuliko jeraha lenyewe. Shuka tu likigusa mguu unaruka. Ngozi inabadilika rangi, mara ya moto mara ya baridi. Jasho linatoka upande huo tu. Nywele au kucha zinaota tofauti. Ni mfumo wa fahamu unaoendelea kupiga kengele ilhali moto umezimika. Hapo barafu haifai, kukanda kwa nguvu haifai, na kuuficha mguu kwenye soksi miezi yote ndiko kubaya zaidi. Nenda kwa daktari na mtaalamu wa kine mapema. Zipo dawa za mishipa ya fahamu anazoandika daktari. Nyumbani, anza kuuzoesha kuguswa: pamba dakika 5, mara 4 kwa siku, ukitazama mguu, ikizoeleka, kitenge laini, halafu taulo, halafu mchele ndani ya beseni, wayo ukizungushwa humo. Mguu utumike kila siku, japo kidogo.

Neno kuhusu waunga mifupa wa mitaani. Mkono mwepesi wenye mafuta, juu ya ngozi iliyokaza na kovu lililokauka, hauna ubaya. Kuvuta, kugeuza kwa ghafla, kufunga vijiti upya kwenye mfupa ulioshika: hapo ndipo watu hurudi na mvunjiko wa pili.

Wakati wa kurudi hospitali

Siku hiyo hiyo: shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, hasa pamoja na kifua kubana; usaha au wekundu kwenye kovu, au homa isiyo ya malaria; maumivu mapya ya ghafla na huwezi kukanyaga. Mwenye kisukari ambaye wayo wake umevimba na una joto bila kuuma sana asifurahie kutouma. Aende haraka na asiukanyage.

Ndani ya wiki moja au mbili: maumivu yanayokuamsha usiku, ganzi inayopanuka, sehemu moja ya mfupa inayouma ukibonyeza baada ya miezi 3, au wiki 6 za mazoezi bila badiliko lolote. Chuma kinachosumbua huweza kutolewa mfupa ukishakomaa, mara nyingi baada ya mwaka hivi, lakini kisichosumbua hukaa ndani maisha yote. Kikitolewa, matundu ya skrubu yanaudhoofisha mfupa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mizigo mizito na kuruka visubiri ruhusa.

Ukienda, chukua radio zote za zamani, hata ile ya siku ya ajali, zikiwa bapa kati ya karatasi mbili ngumu. Vaa viatu unavyovaa kila siku, si vile vya kanisani: soli iliyolika inamwonyesha daktari unavyokanyaga. Na umwambie kwa kidole kimoja.